Mwanamke Fulani

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwanza, maana hasira hazijaninyima adabu. Natumaini u mzima. Kwa ile picha yako ya gazetini, umekaa mkao wa mtu aliyekula akashiba, nashukuru. Hapa kwetu shemeji yako hajambo. Miwani yake imevunjika mkono, ameufunga kwa uzi, na ukimwambia anunue nyingine anasema hii bado inaona. Wanafunzi wangu nao ni wazima kupita kiasi, wiki hii wameniunguzia meza ya maabara. Mimi mwenyewe mgongo tu. Habari za mama nitakupa, lakini si hapa mwanzoni, kwa sababu nikianza na hizo sitaweza tena kukusema, na leo nimekaa kukusema.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Nimepiga. Namba yako ya zamani haipatikani, na mpya hukutupa. Nikapiga gazetini kwenu, akapokea binti mwenye sauti ya asali akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni dada yako, tumbo moja. Akasema wasomaji wengi hujitambulisha hivyo, kwa hiyo maoni yote kuhusu safu yako yaletwe kwa barua, kwa mwandiko unaosomeka. Haya, mimi msomaji wako naandika, na mwandiko unasomeka. Ninachotaka ni kimoja: uje nyumbani kabla ya Jumatatu ijayo. Mama anahusika. Sababu utaikuta humu humu ukisoma mpaka mwisho, jambo ambalo kwako nina wasiwasi nalo, na sasa hivi utaona kwa nini.

Kifurushi chako kilifika. Vitabu vitano vya Kiingereza kuhusu Bibi Nyusi, na juu yake kipande cha gazeti chenye makala yako ya kuwashauri watu wavisome, na pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu kwamba umetuletea ili nasi tujielimishe. Nasi! Mimi ninayefundisha kemia tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Nikavipanga mezani, nikaahirisha kusahihisha mitihani, nikajielimisha.

Sina ugomvi na Bibi Nyusi mwenyewe, Mungu amrehemu. Alikuwa nyota wa Hollywood wa kweli, si hawa wa kujipakapaka wa sasa. Watu walimbandika jina hilo kwa sababu nyusi zake zilipanda kabla hajatamka neno, na ukumbi mzima wa sinema ukanyamaza kusubiri atakachosema. Ugomvi wangu ni na hawa waliomgeuza mtaji baada ya kufa, na wewe unayewapigia debe.

Cha mume wake wa tatu nimekisoma kwa kujilazimisha. Kitabu kinaitwa cha Bibi Nyusi lakini Bibi Nyusi mwenyewe hayumo, yumo yeye. Ameeleza gari lake, mbwa wake, alivyokuwa akinyoa ndevu, na kila mke wake anapofanya jambo la maana, zinduka umkute bwana huyo ndiye aliyemwambia afanye. Wewe umekiita kitabu chenye upendo. Upendo upo, ila ni wa mtu na kioo chake.

Cha mpishi wake angalau hakijifanyi. Yule mama alipika, akafukuzwa, akakasirika, akaandika. Anatueleza Bibi Nyusi alikula nini, alitapika nini, na alimficha nani kwenye stoo ya unga. Umekisifu kwamba kinatufungulia mlango wa jikoni kwa nyota. Jikoni kwa mtu ukiingia bila kukaribishwa unaitwa mwizi, lakini sawa, nyinyi wa magazeti mna majina yenu.

Kuhusu kile cha profesa, niambie ukweli tu, umefika ukurasa wa ngapi? Mimi nimefika mwisho, na ninakuapia sijui kilichosemwa. Kuna sura nzima juu ya kivuli cha pua yake. Shemeji yako alikichukua akasoma nusu ukurasa, akanirudishia, akaenda kulala mchana kweupe. Kile kikubwa cha picha yeye ndiye anakipenda. Ni kizito, kwa hiyo analaza suruali yake ya kazini chini yake na asubuhi anaikuta imenyooka. Nami nakiri ndicho bora kuliko vyote ulivyoleta, maana hakisemi.

Kisha kipo kile ulichokiweka namba moja, cha binti yake. Umeandika kwamba ni kitabu cha ushujaa, kwamba binti amethubutu kusema kweli juu ya mama maarufu. Nimekisoma chote kwa siku moja na sikukaa vizuri siku hiyo. Binti analalamika mama hakuwepo siku ya mchezo wa shule. Analalamika mama alikuwa na sauti kubwa mbele ya rafiki zake. Analalamika juu ya mavazi ya mama, vicheko vya mama, watu waliokuwa wakimsimamisha mama barabarani. Ukikikamua kitabu kizima, mama alimtia aibu, basi. Na amekiandika kwa kujionea huruma kiasi kwamba hata karatasi zimelowa. Nilipokuwa nakisoma nilikuona wewe, mdogo wangu, kwenye kila ukurasa, na usiniulize kwa nini kwa sababu unajua.

Sasa tuje kwenye makala yako. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu yako mwenyewe, kama ninavyosahihisha mtihani, na umefeli.

Katika aya ya nne umeandika hivi, nainukuu yote: "Wasomaji wangu, jiepusheni na zile nakala za zamani zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo mwanamke fulani anampigia kelele nyota wetu kama anayenadi nyanya."

Mwanamke fulani.

Nimelitazama neno hilo mpaka likapoteza maana. Huyo fulani ndiye aliyekunyonyesha. Huyo fulani ndiye aliyesimama kwenye kile chumba cha kurekodia, kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kelele zisirudi, akamtilia sauti Bibi Nyusi filamu baada ya filamu, mvua ikinyesha juu ya bati mpaka anajifunika blanketi kichwani yeye na kipaza sauti ili isiingie. Sare yako ya shule ilitoka kwenye koo hilo. Nchi nzima ilimjua Bibi Nyusi kwa sauti ya mama yetu, na watu walipokuja kuona sinema ya Kiingereza wakadai warudishiwe viingilio kwa sababu huyu mwanamke aliyepo siye. Unakumbuka vizuri. Na unakumbuka pia kwamba wewe ndiye uliyemkataza asiongee mbele ya rafiki zako, kwa sababu akifungua mdomo tu wanageuka kuuliza kama yule ndiye Bibi Nyusi. Mama akawa anakuja kukuchukua shuleni anatabasamu tu kama bubu. Alikuwa akifanya hivyo kwa ajili yako, na hukuwahi kumshukuru.

Ila mdogo wangu, kinachonichekesha, tena nikicheka nahisi nitapasuka, ni aya ya sita. Umesahau ya nne, umepaa, unaandika kwamba hakuna aliyewahi kuieleza dharau kama Bibi Nyusi alipomsimamia mlangoni yule mwanamume wake wa kwenye filamu, akapandisha nyusi, akatamka: "Basi, bwana, potea." Unasema maneno hayo matatu ndiyo kipimo cha kipaji cha Hollywood. Unasema yameingia hata kwenye vinywa vya watu wetu, na hapo hukukosea, kwa maana wanafunzi wangu huliambia hivyo jaribio likikataa kuwaka, bila kujua yametoka wapi.

Bibi Nyusi hakusema hivyo, mtaalamu wetu. Hakusema hata kitu kinachofanana na hivyo. Alimwambia yule bwana kwamba atamwachia taa ikiwaka. Alikuwa anambembeleza arudi. Ndiyo maana mkononi ameshika taa. Taa hiyo imo kwenye vitabu vyako vyote! Mume wa tatu anadai wazo la taa lilikuwa lake. Mpishi anasema taa ilimbabua kidole akapaka siagi. Profesa ana sura mbili kuhusu utambi. Na kile cha picha, kile kinachonyoosha suruali za shemeji yako, taa iko kwenye jalada, kubwa kama sufuria. Umewashauri watu wasome vitabu vitano, na huo ndio usomaji wako.

Nikamuuliza mama ilikuwaje, akanieleza. Karatasi ya tafsiri iliyotoka ofisini ilisema nitakuachia taa. Mama akalitazama lile pande la filamu, akaona midomo ya Bibi Nyusi inafumba mara tatu. Sasa jaribu kusema nitakuachia taa, uone kama midomo yako itagusana. Haigusani. Watu watamwona anafumba mdomo na hawatasikia cha kufumbia, watacheka. Mama alitaka herufi za kugusanisha midomo, b au m au p. Mkubwa wake akamwambia hakuna muda, mashine inazunguka na umeme unaweza kukatika wakati wowote, aseme lolote. Mama akayatazama yale macho yaliyolegea, akaona yamejaa dharau. Sasa amejua, baada ya kumsoma mpishi, kwamba Bibi Nyusi siku hiyo alikuwa na usingizi tu. Basi, bwana, potea. B, b, p. Midomo ikakaa palepale.

Tatizo likaja baadaye, kwa sababu yule bwana aliyefukuzwa anarudi filamu ikikaribia kwisha, na Bibi Nyusi anamrukia shingoni. Ikabidi atafutiwe sababu ya kurudi. Mama na mwenzake aliyekuwa akimtilia sauti yule bwana wakakaa chini wakakuna vichwa, wakaamua amefuata kofia. Ndiyo maana sisi sote tumekua tukiamini kwamba Bibi Nyusi alisamehe kwa ajili ya kofia. Mama aliponieleza hayo alicheka mpaka akashika mbavu, ila cheko lenyewe halikutoa sauti, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Lakini kabla sijafika nikuulize jambo moja. Ulipokuwa unaandika aya ya sita, vitabu viko mbele yako, umesikia maneno hayo kwa sauti ya nani? Maana hukuyasoma popote. Hayamo kwenye kitabu chochote duniani. Yalikuwa masikioni mwako tangu utoto, na ulipotaka kutoa mfano wa kipaji kikubwa kuliko vyote ukauchota humo, ukampa mwingine sifa, kisha ukamtukana mwenyewe. Sikujua nikudharau au nikuonee huruma. Nilianza na kudharau kwa sababu ni rahisi zaidi.

Mama ameisoma makala yako. Nilitaka kuificha, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, akaiona alipokuwa anabadilisha shuka. Aliisoma kwa kile kioo chake cha kukuzia, polepole, mwisho akakiweka kioo chini. Nilitegemea alie. Thubutu! Alisema umekosea upatanisho wa sentensi mahali pawili, na kwamba hajawahi kupiga kelele kwenye kipaza sauti maisha yake yote, maana anayepiga kelele huko anaunguza mashine. Kuhusu nyanya akasema wanaonadi nyanya wana koo zuri kuliko watangazaji wenu wote. Kisha akauliza kama huyo mwanamke fulani ameletewa salamu yoyote kwenye kifurushi. Nikasema nitatazama. Nilijua hakuna, nikajitia kutazama hata hivyo, nikakung'uta vitabu vyote kimoja kimoja mbele yake. Siku ile nilikuchukia, naomba ulijue hilo.

Haya sasa, habari za mama.

Mwanzoni aliniambia nisikuandikie, na mimi naandika. Ule ukavu wa koo tuliodhani ni mafua umekuwa si mafua. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya neno, yeye anasema ni vumbi la chaki ninaloleta nyumbani kutoka shuleni. Baada ya kifurushi chako kufika nikampeleka kwa daktari wa koo kwa nguvu. Ni uvimbe, mdogo wangu, na ni uvimbe ule ambao hatupendi kuutaja. Umekaa kwenye kisanduku chenyewe cha sauti. Daktari ni kijana mpole, alichora mchoro kwenye karatasi na kueleza kila kitu. Uvimbe haujasambaa, mama ataishi, na ataishi sana akipenda. Lakini kisanduku kinatolewa chote. Atapumua kwa tundu hapa chini ya shingo, na hatasema tena. Jumatatu asubuhi anaingizwa chumba cha upasuaji.

Daktari alidhani mama hajaelewa, kwa sababu alikuwa akiutazama tu ule mchoro. Akamweleza upya kwa maneno mepesi. Mama akamwambia ameelewa tangu mara ya kwanza, na kwamba anachotazama ni jinsi kitu chenyewe kilivyo kidogo. Alidhani ni kikubwa zaidi.

Muuguzi mmoja akatushauri, kwa nia njema, kwamba watu wengine hurekodi sauti zao kwenye simu kabla ya upasuaji ili familia ibaki nayo. Nikatoa simu pale pale. Mama akaisukuma kando. Akasema mashine amezifanyia kazi vya kutosha, na anayetaka kumsikia aje akae kitini amsikilize. Unajua alivyo. Kiburi chake hakikuanza kwako, wewe ulikirithi tu bila kukifanyia kazi.

Kisha daktari akampa sharti la kuipumzisha sauti hadi Jumatatu, asiongee ila kwa lazima, maana koo likivimba zaidi watashindwa kumpitishia mpira wa kupumulia. Tangu siku hiyo nyumba imenyamaza. Nimemletea kibao kidogo kutoka shuleni na chaki, ndicho anachotuandikia. Chumvi imezidi. Funga dirisha. Mwambie mumeo anunue miwani. Hata majirani wakija kumjulia hali anawaandikia, na wao kwa kuchanganyikiwa wanamjibu kwa kunong'ona, utadhani na wao wamekatazwa.

Juzi nilikaa naye kitandani kwake. Nikamwambia mama, daktari amesema kwa lazima unaweza kusema kidogo, basi niambie hata jina langu, mimi binti yako mkubwa, niondoke nalo. Sikuona haya kuomba. Mama alinishika shavu, akatikisa kichwa. Akachukua kibao, akaandika kwamba sauti iliyobaki anaitunza. Nikamuuliza anamtunzia nani. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena, herufi kubwa kubwa, chaki ikakatika:

"Yupo mtu nataka kumgombeza kwa mdomo."

Nilitoka nje nikalia, mdogo wangu. Wivu na uchungu vyote pamoja. Mimi niliyebaki, niliyempeleka hospitali, niliyekung'uta vitabu, ninaandikiwa chumvi imezidi. Sauti ya mwisho ya mama yetu umewekewa wewe, kitinda mimba usiyeleta hata salamu. Ingekuwa amri yangu ningeigawa vingine. Lakini si amri yangu, ni koo lake.

Kwa hiyo sikusihi. Nakuambia tu ilivyo. Makala unaweza kuziandika ukiwa popote, na vitabu vya watu waliokufa vitakusubiri. Njoo ugombezwe. Ukifika usianze kujitetea wala kueleza ulimaanisha nini, usimkatize, usimjibu hata neno, kwa sababu kila neno lako litamlazimu atoe jingine na hana ya kuchezea. Keti kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, uinamishe kichwa, umsikilize mpaka amalize.

Shemeji yako anakusalimu, anasema kile cha picha hakirudishi. Jirani yetu mshonaji anakusalimu na anauliza kama picha ya gazetini ni wewe kweli. Mwalimu mkuu wangu anakusalimu, yeye anapenda safu yako, kila mtu na mzigo wake. Mimi nakusalimu kwa hasira zangu zote, na chini yake ukichimba kipo kitu kingine.

Mama hakutuma salamu. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe hapa chini, akanirudishia. Salamu zako anazo mdomoni.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa